Achari ya Matango Madukani Nairobi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya achari katika duka kubwa la Nairobi hukuta chupa zinazofanana kwa sura, zote zikiwa na matango ya kijani yaliyolala majini pamoja na shibiti (dill), ilhali yaliyomo yanatofautiana sana. Kabla ya kutazama bei, geuza chupa usome viambato.

Nafasi ya kwanza nayapa matango yaliyochachushwa kwa maji ya chumvi bila siki. Maji yake si maangavu kabisa, kwa kuwa bakteria wa asidi ya laktiki ndio wanaoyatia ukali, na huwekwa kwenye friji kwa sababu yakipashwa moto bakteria hao hufa. Ni ghali na ni adimu, hivyo wengi wetu tutaishia kwenye nafasi ya pili, yaani matango mazima ya siki na shibiti. Gramu 100 hutoa takriban kalori 12 tu, pamoja na vitamini K kiasi. Kasoro yake ni chumvi: gramu hizo 100 zinaweza kubeba miligramu 800 za sodiamu au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu aonje kipande, asimalize tango.

Bei ilinganishwe kwa uzito wa matango yaliyochujwa. Niliwahi kuchuja chupa moja jikoni nikabaki na bakuli dogo la matango na jagi zima la maji. Maji hayo, kwa bahati nzuri, hulainisha kuku vizuri kabla ya kuchomwa, na vijiko viwili huzindua saladi ya viazi.

Ya tatu ni yale yaliyokatwa vipande, ambayo hulegea upesi na hufaa baga tu. Ya mwisho ni matamu: hayo ni sukari iliyovaa kijani.

Anayetaka nafuu kuliko zote atengeneze mwenyewe. Katika soko la City Park, Parklands, aulizie shibiti, ambayo Wagujarati huiita suva, kisha achague matango madogo na magumu. Lita moja ya maji hutiwa gramu 50 za chumvi, matango yakazamishwa kabisa, baada ya kukatwa ncha ya upande wa ua, kwa maana vimeng'enya vilivyomo humo ndivyo vinavyoyalegeza.