Kisu changu cha ndafu, baada ya miaka 3

Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma wa harusini, kuchoma anachoma baba mdogo. Kazi yangu huanza maharusi wakishakata kipande chao cha kwanza na kulishana. Mshereheshaji ananikabidhi kisu, muziki unapanda, na mbuzi mzima amesimama mezani na majani mdomoni, anasubiri kugawanywa kwa watu 200 au 300. Nina miaka 9 kwenye kazi hii, nilianzia Moshi na sasa niko Dar es Salaam, na kifaa nilichokihangaikia kuliko vyote ni kisu.

Kilichonifungua macho ni harusi moja Kimara. Nilikuwa na kisu cha kwenye seti ya visu 6 vya bei nafuu, kinang'aa, mpini umeshikwa kwa ribiti mbili. Mchana nilikipeleka kwa mnoaji wa baiskeli, kikarudi kinakata karatasi. Paja la kwanza kilipita vizuri. La pili nikaanza kusukuma. Nilipofika kidarini nyama ilikuwa inachanika nyuzinyuzi, mafuta yameenea mpinini, kiganja kinateleza. Sahani za meza ya wazazi zilitoka na vipande visivyo na sura. Mama wa bwana harusi hakusema neno, na mimi sikulala usiku ule. Kwetu Wachaga ndafu ni heshima ya ukoo mmoja kwa mwingine, na ile heshima ilikuwa imepita mikononi mwangu.

Sasa natumia Victorinox ya mpini mweusi wa Fibrox, bapa la sentimita 25, jembamba, lenye ncha. Aliniletea shemeji anayeishi Zürich. Ukibadilisha faranga kuwa shilingi ni zaidi ya laki moja. Kinatoka Ibach, jimbo la Schwyz, kiwanda kilekile cha visu vidogo vyekundu vya kukunja, kilichoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884. Jina limeunganishwa kutokana na Victoria, mama yake, na inox, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Napenda sana kwamba jina la mama ndilo linalosomeka kwenye bapa.

Urefu ndio ulionishinda kuacha. Paja la mbuzi la kuchoma linataka mkato mmoja mrefu wa kuvuta, kutoka karibu na mpini hadi nchani, bila kurudirudi kama msumeno. Kisu cha sentimita 15 au 18 kinaishia njiani, unarudi tena, na kila ukirudi nyama inapata ngazi. Wembamba nao una maana yake: bapa pana linagandana na nyama yenye mafuta, jembamba linapita. Mpini hauna uzuri wowote wa kutazama, ni plastiki tupu, ila una mkwaruzo kidogo, na mkono uliojaa mafuta unaushika bila kuukaba. Ukienda dukani kuchagua, shika kisu kwa mkono uliolowa. Kikizunguka kiganjani, kirudishe.

Chuma chake ni cha ugumu wa kati, laini kuliko visu vingi vya Kijapani. Wapo watakaoona hiyo ni kasoro. Kwa kazi yangu naiona faida. Chuma kigumu sana kinakaa na makali muda mrefu, lakini kikigonga mfupa kinamegeka. Hiki kikigonga, makali yanalala upande, na nayasimamisha palepale mezani kwa kile chuma cha mviringo ambacho watu wa bucha huning'iniza kiunoni. Napitisha mara 5 kila upande, polepole, kabla ya kuanza na tena nikimaliza mapaja. Chuma kile hakinoi, kinanyoosha makali yaliyolala, na watu wengi wanachanganya hapo.

Sikati mfupa kwacho hata siku moja. Mkono wa mbele wa mbuzi haujaungana na mbavu kwa kiungo cha mfupa, umeshikwa na nyama tu, kwa hiyo ukiuinua na kufuata ule mstari unatoka mzima. Paja lina kiungo cha duara nyongani: unalipinda nje, kinajitokeza, unaingiza ncha. Kwa hayo nina kisu cha pili, cha sentimita 15, chembamba kilichopinda kidogo. Mgongo na shingo ni kazi ya panga, na hilo analishika kijana wangu. Kila mara ananiuliza, "Shangazi, nianze?" na mimi namwambia asubiri. Mbuzi akitoka motoni apumzike robo saa, la sivyo maji yote ya nyama yanabaki mezani. Halafu kukata ni kukingamisha nyuzi, siyo kuzifuata. Hapo hata mzee asiye na meno mengi anatafuna.

Kunoa nanoa mwenyewe, kila baada ya shughuli 3 au 4. Nina kinoo cha pande mbili, 1000 na 3000 (namba za chembe za jiwe, ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi), nakiloweka dakika 10. Kisu nakilaza karibu kabisa na jiwe, mgongo umeinuka kama nyuzi 15 hadi 20, na nabaki na mwinuko huohuo mwanzo hadi mwisho. Nanoa upande mmoja mpaka upande wa pili kidole kihisi kijikingo kinachokwaruza. Hapo ndipo nageuza. Ukigeuza mapema unajichosha bure. Kwa mnoaji wa baiskeli sirudi tena na kisu hiki. Panga nampelekea, anajua kazi yake, lakini jiwe kavu linalozunguka linapasha bapa jembamba moto, na ukiona rangi ya bluu kwenye makali ujue chuma kimelegea pale. Hakitashika makali tena mpaka sehemu ile iishe.

Kumbini meza huwa na trei la chuma chini ya ndafu. Kukata juu ya trei, au juu ya sahani, kunaua makali ndani ya dakika chache, kwa hiyo natembea na kibao changu cha mninga. Baada ya shughuli kisu hakiingii kwenye beseni la vyombo. Nakiosha kwa mkono, nakifuta, nakitia alani (yangu nilishonewa na fundi viatu). Ndimu na chumvi za kwenye nyama zikikilalia usiku kucha zinaacha vidoa, inox au siyo inox.

Baada ya ndafu zaidi ya 60, bapa limepungua kidogo sana na mpini haujalegea. Kwa anayekata nyama nyumbani mara moja kwa wiki, hicho cha sentimita 25 kinatosha peke yake. Kilichochoka kwangu ni kinoo: upande wa 1000 umebonyea katikati. Jumamosi kuna harusi Tegeta, kwa hiyo kesho naukwangua kwa msasa juu ya kipande cha kioo mpaka ukae sawa.