Kitunguu saumu pale soko la Kadutu, Bukavu: kipi ununue, kipi uache

Kabla hujatoa franga zako, jua hili: punje nzima ya kitunguu saumu haina ile alisini inayosifiwa, yaani msombo wa salfa wenye harufu kali. Ndani yake mna aliini, malighafi ya alisini, na kimeng'enya kinachoitwa alinase, kila kimoja na chumba chake. Ukiponda, vinakutana, na hapo ndipo alisini inazaliwa, pamoja na harufu inayolala vidoleni hadi kesho yake. Basi mimi nikiwa sokoni najiuliza tu: kazi hiyo itafanyika kwenye kinu changu, au ilishafanyika kwingine ikaisha?

Kwa hiyo namba moja ni vichwa vidogo vigumu vya ganda la zambarau. Mama huvipanga chini, fungu kwa fungu, juu ya gunia. Bonyeza kwa kidole gumba, kikibonyea, mrudishie. Chenye chipukizi la kijani si sumu, kina uchungu kidogo tu, nacho ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke. Adha yake ni kumenya: punje ndogo kama ukucha.

Vinafuata vile vikubwa vyeupe vya China. Nchi hiyo ndiyo inayolima sehemu kubwa ya saumu ya dunia, usishangae kuvikuta kila soko la Bukavu. Kemia ni ile ile, wala sivibezi. Ninachokichukia ni neti. Nilibeba moja hadi nyumbani, juu inang'aa. Vinne vya katikati vilikuwa ukungu mweusi mtupu. Tangu siku hiyo nachagua kimoja kimoja.

Unga ni wa tatu. Ukikaushwa kwa joto dogo, kimeng'enya hubaki hai na huamka kikilowa. Ila pakiti haisemi ulikaushwaje. Nusa, usiponukia, uache.

Saumu ya kusagwa ya chupa naiweka nyuma, kwa kuwa alisini haidumu. Misombo ya salfa inayobaki bado ina nguvu ya antioksidanti, yaani ya kukinga seli zisiharibiwe, na kwa kuungia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, inafaa sana. Ila usijitengenezee ya kuloweka kwenye mafuta na kuiacha kabatini: bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, hupenda mahali pasipo hewa kama hapo.

Vidonge vya famasi ni vya mwisho, kwa bei yake. Asidi ya tumbo huiharibu alinase, kwa hiyo kama ni lazima, tafuta vyenye utando unaoyeyukia utumbo mwembamba. Mwenye presha anaweza kuona imeshuka kidogo, lakini asiache dawa zake. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri kupasuliwa, amuulize daktari kwanza, maana saumu nyingi huchelewesha damu kuganda.

Ukishafika nyumbani, ponda, kisha iache kama dakika 10 kabla ya moto. Mimi huiponda kwanza, ndipo niwashe makala, yaani mkaa. Sombe, yaani kisamvu, ikikaribia kuiva, naitia.