Chevrolet K1500 ya 1994: kwa nini niliiacha Silverado nikachukua Cheyenne

Nyumbani Tanzania mtu akisema gari lake ni fulu opsheni, tunaelewana papo hapo: vioo vya umeme, AC, viti vya kitambaa, redio ya maana. Nilipoanza kutafuta pikapu ya zamani hapa Des Moines, Iowa, nilikuja na kipimo hichohicho kichwani. Kidogo kinigharimu dola 6,800.

Kazi yangu ya jioni na wikiendi ni kuhamisha watu. Familia nyingi za Wakongo na Warundi hapa zinahama nyumba hadi nyumba, na mimi nabeba makochi, vitanda, mafriji, mara nyingi kwa trela. Nilitaka pikapu ya fowili, injini ya V8, umri wowote, mradi chesisi haijaliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji.

Ya kwanza niliyoikuta ilikuwa Silverado nyekundu ya 1994, kabini ndefu, tairi za inchi 33, na ubavuni mwa bodi stika kubwa ya Z71. Kwa wasioijua, Z71 ni kifurushi cha kiwandani cha njia mbaya kilichoanza 1988: shokapu za Bilstein, mabamba ya chuma ya kukinga uvungu, na mambo mengine ya namna hiyo. Kiliwekwa kwenye pikapu za herufi K tu, kama K1500, yaani fowili. C ni ya kuvuta nyuma peke yake. Muuzaji alisema Z71 halisi, bei haishuki. Shemeji niliyekwenda naye alikwisha kupanda akakaa, anapandisha na kushusha vioo, ananiambia, "Shem, hili ni gari la heshima."

Mimi nilipitisha kucha kwenye ukingo wa stika. Ilikuwa laini, mpya, na rangi iliyokuwa chini yake ilikuwa imefifia sawasawa na sehemu nyingine ya bodi. Stika iliyokaa miaka 30 huacha rangi nzito chini yake, kama kovu. Nikalala chini kutazama uvungu: mabamba hayapo. Shokapu za kawaida, lakini hizo nisingezilaumu, maana miaka 30 lazima zimebadilishwa. Ndipo nikakumbuka kitu nilichoelekezwa na fundi mmoja kazini: fungua kidroo cha dashibodi upande wa abiria.

Humo ndani, kwenye pikapu za GM (kampuni inayotengeneza Chevrolet) za miaka hiyo, kuna lebo ya karatasi iliyojaa herufi na namba. Juu ina namba ya chesisi, kisha zinafuata kodi za herufi tatu tatu zilizopangwa kwa alfabeti. Kila kodi ni kitu kilichoagizwa gari likiwa bado kiwandani. C60 ni AC. A31 ni vioo vya umeme. AU3 ni kufuli za umeme za milango. K34 ni kile kifaa cha kushikilia mwendo barabara kuu. Ile Silverado ilikuwa nazo zote hizo. Z71 haikuwamo. G80, ile difu inayojifunga yenyewe, haikuwamo. Kwa upande wa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, lebo ilisema GU6.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho natamani kila anayenunua pikapu hizi akijue. Kabla ya mwaka 1999, Silverado halikuwa jina la gari. Lilikuwa jina la daraja tu, tangu 1975. Katika umbo hili lililoanza na modeli ya 1988, Cheyenne ilikuwa chini, Scottsdale katikati, Silverado juu. Kwa ndugu yake GMC Sierra, ambalo ni gari lilelile, ilikuwa SL, SLX na SLE. Daraja linakueleza habari za ndani ya kabini na mapambo: kitambaa, kapeti, kromu. Habari za chini ya gari, yaani difu, kipoza oili, rejeta nzito, vitu vya kuvutia trela, viliagizwa kimoja kimoja. Mtu aliweza kuchukua Silverado ya kifahari yenye difu ya kawaida kabisa, na mkulima aliweza kuchukua Cheyenne ya viti vya plastiki akaelekeza pesa yote uvunguni.

GU6 maana yake ni difu ya 3.42: propela shafti inazunguka mara 3.42 gurudumu likizunguka mara moja. Si mbaya. Lakini ukiiwekea tairi za inchi 33 badala ya 29 au 30 za kiwandani, inakuwa kama una 3.1. Gari linakosa nguvu ya kuondoka na mzigo, giaboksi inahangaika, na spidomita inakudanganya kwa kusoma chini ya mwendo wako halisi. Niliondoka. Shemeji alinuna njia nzima.

Wiki tatu baadaye nikaipata hii niliyonayo. Cheyenne nyeupe, 1994 vilevile, kabini fupi, bodi ya futi 8, maili 168,000, dola 4,300. Viti vya plastiki, sakafu ya lastiki, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mwenyewe ni mzee mkulima aliyeiagiza mpya na hakuwahi kuiuza. Nilifungua kidroo kabla sijafungua bonneti. Lebo ilikuwa imekunjika pembe moja, lakini inasomeka: L05, ile V8 ya lita 5.7. G80. GT4. Z82, vifaa vya trela. KC4, kipoza oili cha injini. V08, upozaji mzito. C60 nayo ilikuwamo. Nilimuuliza mzee kwa nini alilipia vyote hivi akaacha vioo vya umeme. Akasema kioo kikimshinda kuzungusha atajua muda wake wa kulima umekwisha, ila trela la ng'ombe likikwama kwenye matope hana wa kumsaidia.

GT4 ni 3.73. G80 ni difu inayojifunga yenyewe: gurudumu moja la nyuma likianza kuzunguka kwa kasi kuliko mwenzake, tofauti ikifika takriban mizunguko 100 kwa dakika, difu inajifunga na magurudumu yote mawili yanavuta pamoja. Mwendo ukipita kama maili 20 kwa saa, haijifungi.

Lebo inasema kilichotoka kiwandani, haisemi kilichopo leo. Difu inaweza kuwa imebadilishwa. Kwa hiyo nilihesabu. Weka gia huru, vizuie vizuri magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, egemeza chesisi kwenye stendi, piga mstari wa chaki kwenye propela shafti na kwenye tairi. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu shafti. Mara mbili, kwa sababu gurudumu la pili limesimama na difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Shemeji alihesabu tatu na karibu robo tatu. Hiyo ni 3.73.

Lakini G80 hutaipata kwa njia hii, na wengi wanakosea hapo. Wanainua magurudumu yote mawili, wanazungusha moja kwa mkono, wanaona jingine linakwenda kinyume, wanasema difu ni ya kawaida. Kwa mkono huwezi kufikia kasi ya kuifunga. Unaijua barabarani, kwenye kokoto au theluji.

Mimi niliijua Januari. Tulikuwa tunahamisha familia moja upande wa kaskazini mwa mji, kitanda cha mbao na mashine ya kufulia vimepakiwa, gurudumu la kulia nyuma limekaa juu ya barafu. Sikuweka fowili makusudi. Nilikanyaga taratibu, gurudumu likazunguka bure, nikaongeza kidogo, kisha nikasikia "gok!" moja nzito chini ya bodi, na gari likatoka. Baba mwenye nyumba alidhani kuna kitu kimevunjika. Ule mlio ni wa kawaida ukiwa mmoja. Ukianza kugonga mfululizo kwenye kona kavu, peleka kwa fundi. Na mtu aangalie: difu ikijifunga kwenye barafu huku usukani umekata, mkia unaweza kuteleza kando.

Nimekaa nayo miezi 14 sasa, na kasoro zipo. Mjini napata maili 13 kwa galoni, na 3.73 inafanya injini izunguke juu zaidi ukiwa barabara kuu. Kiti cha plastiki ni baridi kama jiwe asubuhi ya Desemba. Pembe za kabini na chini ya milango kutu imeshaanza, nimekwangua na kupaka, ila najua itarudi.

Linaloniumiza zaidi ni hili: 1994 haina mfuko wa hewa. Dereva aliupata 1995, pamoja na ABS (breki zisizofunga magurudumu) ya magurudumu yote manne na dashibodi mpya. Mwanangu wa kwanza ameanza kujifunza kuendesha, na sitaki ajifunzie kwenye hii. Ningekuwa na subira ya miezi michache zaidi ningetafuta ya 1995 yenye lebo kama hii. Anayetaka nguvu zaidi aende 1996, lita 5.7 ileile ilipopata muundo mpya wa injini uitwao Vortec na kufika nguvu za farasi 255, kutoka takriban 200 za hii yangu.

Lebo nimeipiga picha na kuibandikia nailoni angavu juu, maana gundi imechoka.

Shemeji naye sasa anatafuta yake. Juzi amenitumia picha za Sierra SLE ya 1995, kijani, nzuri sana, na picha ya kwanza kabisa aliyotuma ilikuwa ya ndani ya kidroo. Tukaisoma pamoja kwenye simu mstari kwa mstari. GT4 ipo, Z82 ipo, G80 haipo. Tunaendelea kutafuta.