Kuna Amplifaya ya Taarab na Amplifaya ya Singeli?

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo mezani nina vitu viwili: hiki kiboksi cha daraja D (aina inayowasha na kuzima umeme haraka mno) chenye chipu ya TPA3116, na hili dude la taa, yaani zile taa za kioo za kukuza sauti zilizotumika kabla ya transista, taa moja ya aina ya 300B kila upande. Wauzaji wengi watakwambia la taa ni la taarab na jazi, kiboksi ni cha singeli. Mimi sikubali, ingawa kuna kaukweli kamejificha humo.

Tuanze na la taa. Linatoa wati 8 hivi. Spika zangu ni za desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, kwa hiyo wati zote 8 zikifanya kazi nafika 95 nikiwa mita moja. Napiga taarab ya zamani, udi, qanuni, fidla: tamu kweli! Naweka singeli, besi inavimba, haina mipaka. Sasa msikimbilie kusema halipendi singeli. Ukinzani wake wa kutolea sauti, yaani kizuizi cha umeme kwenda kwa spika, ni mkubwa, halikamati koni ya spika sawasawa. Na ukinzani wa spika yenyewe unapanda na kushuka kufuata masafa, basi sauti nyingine zinanyanyuka, nyingine zinalala. Ule ulaini mnaousifia unatoka hapo hapo. Taarab nayo imeguswa, ila imeguswa pale panapopendeza.

Mwaka 1985 Bob Carver wa Marekani aliichezea amplifaya yake ya transista mpaka wahariri wa jarida la Stereophile wakashindwa kuitofautisha na ya taa iliyokuwa ghali zaidi. Kwa hiyo taa haina uchawi.

Haya, kiboksi. Kimeandikwa wati 50 kila upande. Hizo unazipata kwa volti 21, spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani), upotoshaji ukiwa asilimia 10, yaani sauti imeshapasuka. Na adapta iliyokuja nacho, oneni hapa, volti 12. Piga hesabu: 12 mara 12, gawanya kwa 8 (omu 4 mara mbili), unapata wati 18 kwa spika ya omu 4. Ya omu 8? Wati 9! Na hapo sijatoa zinazopotea njiani. Tumerudi kwa jirani yake wa taa.

Sasa kituko. Nikipandisha sauti, kinachopasuka kwanza ni taarab, ile ya okestra nzima iliyorekodiwa ukumbini. Singeli imebanwa studio, kilele chake hakiko mbali na wastani. Okestra inanong'ona, halafu fidla zote zinaingia kwa pamoja, na hapo ndipo wati za akiba zinapotakiwa. Singeli yenyewe inakichosha kwa namna nyingine: haipumziki. Kifuniko hiki nakigusa, moto.

Wapiga gitaa msinirushie mawe. Amplifaya ya gitaa ni sehemu ya ala, ule mpasuko mnautafuta wenyewe, na pale aina ya muziki inahusika kabisa. Hapa nazungumzia ya kusikilizia nyumbani.

Kiboksi nunueni, ila tafuteni adapta ya volti 24, ampea 4 au zaidi. La taa, kwa spika za desibeli 86, pesa yenu ibaki mfukoni. Mkiwa na spika za honi, za desibeli 95 kwenda juu, lichukueni, na singeli mpige.