Gari la kulala la kukodi Lake District: uliza upana wa vioo kwanza

Kiangazi cha hapa Uingereza kikikaribia maswali huwa yale yale: dada, tukodi gari gani twende tukalale Lake District, kule kwenye maziwa na milima ya kaskazini-magharibi mwa England, na watoto? Mwaka huu maswali yamekuja na malalamiko. Familia moja ya Tanga inayoishi Midlands, katikati ya England, ilikodi motahomu (gari kubwa lenye nyumba nyuma) ya vitanda sita, kioo cha pembeni kikapasukia kwenye ukuta wa mawe karibu na Little Langdale, na dipoziti yote ikabaki kwa kampuni. Kaka mwingine alirudi kinyumenyume kwenye kijia chembamba, mkewe akitembea nyuma ya gari kumwelekeza, kwa sababu mbele kulikuwa na trekta na hapakuwa na pa kupishana. Wote wawili walichagua gari kwa kutazama picha za vitanda.

Kwa hiyo hapa sizungumzii friji, jiko la gesi wala unene wa godoro. Hayo kampuni itakuonyesha yenyewe, tena kwa picha nzuri. Nataka tuzungumze jambo ambalo halionekani kwenye picha: upana wa gari kuanzia ncha ya kioo cha kushoto hadi ncha ya kioo cha kulia.

Upana unaoandikwa kwenye matangazo kwa kawaida ni wa bodi peke yake. Volkswagen California ya kizazi cha T6 inaandikwa mita 1.90, lakini ukihesabu na vioo inafika karibu mita 2.30. Fiat Ducato, gari la mizigo ambalo wengi huligeuza la kulala, ina bodi ya mita 2.05, na vioo vikiwa wazi inakaribia mita 2.5. Yale makubwa yenye nyumba iliyojengwa juu ya chasisi, bodi tu mara nyingi ni kama mita 2.3, vioo bado. Sasa ikumbuke Hiace ya abiria, ile ya kawaida iliyotubeba Dar na Mombasa: upana wake ni mita 1.70. Aliyeendesha Hiace Kariakoo kwa miaka anajua kazi, simnyang'anyi sifa yake. Ila Ducato atakayokabidhiwa hapa imeizidi Hiace sentimita 35 za bodi, na usukani hautamwambia. Atakayemwambia ni ukuta.

Barabara kuu za Lake District hazina ubaya. A66 ya kutoka Penrith hadi Keswick ni pana, na A591 inayopita Windermere, Ambleside na Grasmere inapitika ukiwa makini. Shida huanza unapoiacha barabara kuu kwenda kule ulikokusudia hasa, mabondeni: Langdale, Newlands, Wasdale, ndani ya Borrowdale. Huko kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kulia na kushoto, zimesimama pembeni kabisa mwa lami. Hakuna ukingo wa udongo wa kukanyaga kama kwetu. Kioo ndicho kilichotangulia nje ya gari, basi ndicho kinachogonga kwanza. Vipo vijisehemu vilivyopanuliwa vya kupishana, na utaratibu wake ni huu: kikiwa kushoto kwako, ingia, kikiwa kulia, simama mkabala nacho ili mwenzako aingie. Anayepanda mlima mpishe kila inapowezekana. Gari la mita 7 linaweza kujaza kijisehemu kizima na mkia ukabaki barabarani.

Na hizi simu zetu zinatuponza. Google Maps haijui upana wa gari lako. Ukiiuliza njia ya kutoka Ambleside kwenda Eskdale, inaweza kukupitisha njia za mlimani za Wrynose na Hardknott, na Hardknott ina sehemu ambazo kila mita 3 za kwenda mbele unapanda mita 1, kwenye kona zilizojikunja. Msipite huko na gari la kulala, hata lile nitakaloliweka namba moja. Zungukeni kwa A595 ya upande wa pwani. Au acheni gari Ravenglass mpande treni ndogo hadi Dalegarth, watoto watafurahi.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Toyota Alphard iliyogeuzwa kuwa gari la kulala, yenye paa la kunyanyuka. Mimi ni mtu wa Toyota na nalisema wazi, lakini hapa hoja yangu ni vipimo. Vizazi vitatu vya kwanza vya Alphard vina bodi ya kati ya mita 1.80 na 1.85, na urefu wake hauzidi mita 5. Ni Alphard hizi hizi mnazoziona Dar na Nairobi. Toyota haikuzileta Uingereza kuziuza rasmi, zililetwa zikiwa zimetumika kutoka Japani, kisha mafundi wa hapa wakaziwekea kitanda, sinki na jiko. Usukani uko kulia, gia zinajibadilisha zenyewe, viti vya mbele vinakaa kama sebuleni. Mtu ambaye hajawahi kuendesha gari kubwa anaizoea kabla hajatoka mjini. Inafaa watu wawili wazima na watoto wawili wadogo watakaolala juu. Kasoro zake nazitaja: nyingi ni za petroli zenye injini kubwa, kwa hiyo kituo cha mafuta mtakiona mara kwa mara, tumbo lake liko chini, msiiingize kwenye njia za mashamba, na kwa kawaida haina choo. Choo kipo kambini. Ni afadhali kutembea na tochi usiku kuliko kulipia kioo.

Namba mbili, Volkswagen California, au Transporter iliyogeuzwa na fundi mzuri. Ni gari zuri, paa lake ni imara, na likishushwa paa urefu wa kwenda juu ni chini kidogo ya mita 2, kwa hiyo vile vyuma vya maegesho vya mita 2.1 halivigusi. Ninaliweka la pili kwa sababu ya upana wa vioo na bei. Siku moja ya California wakati wa likizo ya shule inatozwa kama chumba cha hoteli, na bado utalipia kiwanja cha kambi juu yake.

Namba tatu ni Ducato. Peugeot Boxer na Citroën Relay ni gari hilo hilo kwa majina mengine, usidanganywe kwamba moja ni nyembamba kuliko nyingine. Hapa mnapata choo ndani na mtu anasimama wima, jambo ambalo mwenye mgongo mbovu au mama mwenye mtoto mchanga atalithamini. Mkichagua hili, chukueni la mita 5.41 au 5.99, si la 6.36. Kumbukeni pia alama za barabarani zinazozuia upana huandikwa kwa futi na inchi: futi 6 na inchi 6 ni mita 1.98. Alphard na California zinaingia hapo kwa bodi. Ducato haiingii.

Namba nne, motahomu kubwa ya vitanda sita. Kwa Lake District siipendekezi. Familia kubwa inayolihitaji kweli iende nalo New Forest, kusini, ambako ardhi ni tambarare na barabara nyingi hazina kuta, ila punda, ng'ombe na farasi wadogo wanazurura barabarani na mwendo kwenye barabara zisizo na uzio umewekwa maili 40 kwa saa. Kama lazima iwe Lake District, liegesheni kambini mtembee kwa basi: 555 inakwenda kati ya Kendal na Keswick kwa njia ile ile ya A591. Angalieni na uzito. Leseni ya kawaida ya gari dogo hapa mwisho wake ni kilo 3,500. Waliofaulu mtihani kabla ya 1997 ndio kwa kawaida wanaruhusiwa zaidi ya hapo.

Mwenye bajeti ndogo achukue gari lake na hema. Litamtosha.

Na lolote mtakalokodi, msipange kulala kwenye maegesho wala kando ya barabara mkidhani ni ruhusa kwa kuwa kitanda kiko ndani ya gari. Weka nafasi kambini mapema, na uwaambie urefu wa gari, maana baadhi ya kambi hukataa makubwa.

Kinachoniuma zaidi ni wakodishaji. Gari wanalijua, barabara wanazijua, na vioo vilivyovunjika wanavipokea kila msimu. Basi kwa nini upana kamili hauandikwi kwenye tangazo? Unalipa zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki moja ya Agosti, halafu shuka zina bei yake, gesi ina bei yake, kuosha gari kuna bei yake. Unauziwa bima ya nyongeza ili dipoziti isiliwe, unalipa ukiwa na amani, kumbe kwenye maandishi madogo kampuni nyingi zimeviondoa vitu vitatu: vioo, paa na matairi. Yaani vitu vile vile ambavyo barabara za milimani zitavigusa! Watu wetu wengi wanajibana mwaka mzima ili watoto waone ziwa na mlima kama wenzao shuleni, kisha wanarudi na deni. Hilo si haki, na anayelijua akakaa kimya anashiriki.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata dipoziti, watumie ujumbe wa maandishi, si simu, ili jibu libaki kwako. Uliza haya: upana wa gari ncha ya kioo hadi ncha ya kioo ni mita ngapi? Urefu wote ukijumlisha kibebeo cha baiskeli ni ngapi? Bima yenu inalipa kioo cha pembeni, ndiyo au hapana, na kipya mnanitoza pauni ngapi? Siku ya kulichukua, piga video vioo vyote viwili, mbele na nyuma, mhusika akiwa amesimama hapo hapo. Kampuni isiyotaka kujibu swali la kwanza, hamia nyingine.