Nilipanda meli peke yangu, nyongeza ya bei ikaniuma, meza ikaniponya

Nianze na lililoniuma: bei. Matangazo ya safari za meli za kitalii huandika "kwa kila mtu", lakini hesabu yake ni ya watu wawili wanaolala chumba kimoja. Ukija peke yako unatozwa nyongeza ya kitanda ambacho hakuna atakayekilalia. Kwangu ilikuwa asilimia 100, yaani nimelipa nauli ya wawili nikala mlo wa mmoja. Vipo vyumba vya mtu mmoja (meli ya Norwegian Epic ilianza safari mwaka 2010 ikiwa navyo, pamoja na sebule ya wanaolala humo), ila kwenye meli nyingi ni vichache na huwahiwa mapema. Mimi nilichelewa.

Jioni ya kwanza sikuogopa bahari, niliogopa ukumbi wa chakula. Mhudumu akaniuliza: meza yako mwenyewe au ya kuchangia? Nikasema ya kuchangia, haraka haraka, kabla moyo haujageuka. Tulikuwa wanane, na wanne kati yetu tulikuja bila mtu: mimi, mwalimu mstaafu, fundi umeme kijana mwenye kicheko cha kusikika meza ya tatu, na mama mmoja mjane aliyekuwa akificha vipande vya keki kwenye mkoba. Usiku wa tatu tulikuwa tunasubiriana mlangoni.

Kampuni nayo iliandaa kikao cha waliosafiri peke yao. Nilikwenda mara moja. Vibandiko vya majina kifuani, maswali kama ya usaili wa kazi. Sikurudi.

Thamani ya wale watatu wa mezani niliiona Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Pale meli kubwa hutia nanga nje, mnashushwa kwa boti, kisha mji uko juu kabisa ya jabali. Kupanda tulitumia vigari vya waya. Kushuka, foleni ilikuwa imekata kona mbili na boti ya mwisho ilikuwa karibu kuondoka. Tulikuwa tumetoka kivyetu, si kwa matembezi ya meli, na meli haimsubiri wa namna hiyo. Mwalimu akatazama foleni, akatazama saa, akasema, "Ngazi." Tukashuka mbio, mama kanishika mkono, kila punda akija tunajibana ukutani. Mawe yameng'aa kwa kukanyagwa, yanateleza kama sabuni. Fundi alitangulia akamshikilia baharia kwa maneno mpaka tukafika, tunahema. Peke yangu ningebaki kwenye foleni, nikijipa moyo.

Mengine kwa ufupi: chumba nilichagua sitaha ya chini, katikati ya meli, kwa sababu huko haiyumbi sana kama omo (mbele) na tezi (nyuma), na sikulewa bahari hata siku moja. Usafi sina neno. Intaneti ghali na inasuasua. Bahashishi huongezwa kila siku kwenye bili bila kuulizwa, kwa hiyo soma bili kabla ya asubuhi ya kushuka. Yangu ilikuwa na vinywaji viwili nisivyovijua, wakavifuta bila ubishi.

Mwakani tumeshaweka nafasi, sote wanne. Mimi na mama tutalala chumba kimoja, nyongeza hatulipi tena. Ameshanitahadharisha kwamba anakoroma.