Dashi ya Subaru GC8 iliyofifia: fundi umeme wa Mwanjelwa, Mbeya, nampa nyota nne kati ya tano

Wenye Impreza za zamani huu ugonjwa mnaujua. Gari inavuta vizuri, turbo inapuliza, bodi bado ngumu, ila ikigonga saa moja jioni dashi inawaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta na mshale wa spidi unauona kwa kukisia. Yangu ni WRX ya 1998, bodi ya GC8, hii generesheni ya kwanza iliyotengenezwa kuanzia 1992 mpaka 2000, na ndio ukoo uliompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali 1995. Heshima yote hiyo afu hujui unatembea spidi gani, aisee inauma.

Kwa huku kwetu hili sio suala la urembo. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ukipanda pale Isyonje ukungu unakukuta hata saa nne asubuhi, unawasha taa mchana kweupe, na ukishawasha taa ile saa ya kidijitali ya katikati inajipunguza mwanga yenyewe, imetengenezwa hivyo ili usiku isikuumize macho, sasa kama tayari ilikuwa hoi ndio inapotea kabisa. Afu kuna tochi za trafiki za kupima spidi. Ukishuka kwenye makazi kibao kinasema 50, wewe mshale huuoni, unakuja kujua ulikuwa 68 baada ya trafiki kukuonyesha picha, na hiyo ni 30,000 imeondoka. Mimi nilikuwa namulika dashi na simu, mke wangu ndio kashika simu, yani ni aibu tupu.

Kabla ya huyu fundi nilipita gereji moja, sitaitaja, wakaangalia kwa macho tu bila hata kufungua skrubu wakasema mita nzima imekufa, lete laki tatu na nusu tukuletee nyingine ya mtumba. Sikukubali. Mita ya mtumba inakuja na kilomita zake, kwa hiyo siku ukitaka kuuza gari mteja anasoma historia ya gari lingine, na nani kakuhakikishia hiyo ya mtumba balbu zake sio za mwaka huo huo 1998? Unalipa laki tatu kununua ugonjwa ule ule.

Huyu wa Mwanjelwa ni kijana tu, kibanda cha mabati, betri za malori zimepangwa mlangoni, ukimuona hivi hivi unaweza ukageuza gari. Ila swali lake la kwanza ndio lilinifanya nizime injini nikae. Kaniuliza, "Kaka, inafifia yote kwa pamoja au kuna upande umezidi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Maana yake ni kwamba kama upande wa geji ya mafuta ndio giza na upande wa RPM uko poa, hiyo ni balbu moja imekata au imechoka. Ikififia dashi nzima kwa usawa, kabla hujalaumu balbu unaangalia umeme unaofika. Yangu ilikuwa vyote viwili, yote imefifia na kona ya mafuta giza totoro.

Akaanza na kile kigurudumu kidogo cha kupandisha na kushusha mwanga. Akakizungusha taratibu mwanzo hadi mwisho, mwanga ukawa unarukaruka, unapanda unazima unapanda. Akasema hapo tayari kuna mwizi mmoja. Kontakti za ndani zinaingia vumbi na kutu, umeme unapita kwa shida. Magari ya huku yanakula vumbi la kutosha, we pita tu zile barabara za kwenda mashambani kipindi cha kiangazi uone. Akakitoa, akapuliza dawa ya kusafishia kontakti, akakizungusha tena na tena mpaka mruko ukaisha.

Afu akafungua kava la juu ya mita, akavuta mita mbele, akachomoa balbu moja na kuweka tesita kwenye soketi yake. Injini inaunguruma, betri inasoma 14 na kitu, soketi inasoma kumi na kidogo. Akanionyesha. Mtu anaweza kusema volti tatu nne ni nini bana, ila balbu za waya haziendi hivyo, mwanga wake unashuka haraka kuliko umeme. Balbu ya volti 12 ukiipa 10 inabaki na karibu nusu ya mwanga. Nusu! Hapo hujagusa uzee wa balbu yenyewe. Akasafisha plagi za nyuma na pini za soketi zilizokuwa zimeota ukijani, akapima tena ikasoma 13 na ushee.

Sasa balbu. Ni hizi ndogo za kioo zisizo na kitako cha chuma, T10, unazungusha kishikio robo tu kinatoka. Alizitoa zote akazipanga juu ya kitambaa cheupe, na hapo ndio nilielewa, maana vioo vilikuwa vimepiga weusi kwa ndani kama kioo cha taa ya chemli isiyooshwa. Ule waya wa ndani ukiwaka miaka na miaka unajilamba kidogo kidogo, chembe zake zinaganda kwenye kioo. Balbu haijakata, inawaka, ila nusu ya mwanga inaishia humo humo. Alichukua moja ya zamani na moja mpya akaziunga kwenye betri moja pembeni kwa pembeni, moja njano ya chai ya rangi, nyingine nyeupe. Hakuongea kitu, na hakukuwa na haja.

Hapa sasa ndio nilibishana naye kidogo. Nilitaka aweke LED maana vijana wote mjini wameweka za bluu, usiku ndani ya gari unafikiri uko baa. Yeye akasema anaweza kuniwekea ila nisije kulalamika. LED nyingi za bei rahisi zinamulika mbele tu, hazisambazi, kwa hiyo namba moja inang'aa inakutoboa macho na ya pembeni yake haionekani. Halafu LED inapitisha umeme upande mmoja tu, ukiichomeka kinyume haiwaki, unageuza. Na kile kigurudumu cha mwanga hakielewani nayo vizuri, inawaka yote au inazima ghafla. Kubwa kuliko yote akasema taa ya chaji, ile yenye alama ya betri, isiguswe kabisa, sababu kwenye gari nyingi za umri huu umeme unaopita kwenye ile balbu ndio unaiamsha altaneta, ukiweka LED isiyopitisha umeme wa kutosha unaweza kujikuta altaneta haichaji mpaka upige resi. Kwa kweli nilikubali yaishe. Tukaweka balbu za kawaida, 2,000 moja, na leo nikiangalia ile rangi ya asili naona ni bora kuliko bluu ya baa.

Wakati mita iko nje alifuta pia ndani ya lile kasha. Lile kasha ni jeupe makusudi ili lirudishe mwanga mbele, la kwangu lilikuwa limeshageuka rangi ya ugali wa dona kwa vumbi. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Kuna wengine wanatumia petroli kufuta kioo cha plastiki, jamani msikubali, kinapata ukungu wa moja kwa moja.

Ile saa ya katikati ndio ilimchukua muda. Alifungua kasaketi kake, akakaweka kwenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mduara mwembamba kama unywele kuzunguka mguu wa kitu kimoja kidogo pale kwenye lehemu. Joto na baridi vikipokezana miaka hiyo yote lehemu inapasuka, umeme unapita ukijisikia, ndio maana saa ilikuwa inarudi ukiipiga kofi. Akalehemu upya miguu kadhaa, ikawaka. Hii ni ishu ya kawaida kwa Subaru za miaka hiyo, kwa hiyo ukiambiwa saa imekufa nunua nyingine, kwanza mwambie fundi aangalie lehemu.

Jumla nimelipa 75,000, balbu, ufundi na saa humo humo. Linganisha na ile laki tatu na nusu.

Nyota moja nimemkata na nina sababu. Foleni yake haina mpangilio, dereva wa lori la Tunduma akifika na haraka zake anakupita wewe uliyekuja asubuhi, na fundi anaacha dashi yako wazi waya zinaning'inia anaenda kushughulikia taa za trela. Risiti hana, nimeomba akacheka. Na skrubu moja ya kava hakuirudisha vizuri, nikipita rasta za Iyunga kuna kamlio ka tik tik upande wa kulia, nilirudi akaikaza bure bila maneno ila angeikaza siku ile ile tusingefika huko.

Mwenye Altezza, Celica au Mark II ya zamani naye ampelekee tu, anazifahamu. Ila nenda siku ya kazi asubuhi kabla malori hayajajaa, na hakikisha unakaa pale pale kwenye gari mpaka mita irudi mahali pake.